Kibaraza cha maswali ya Kiingereza, Ngamiani: maoni ya mteja wa kudumu

Tanga kuna huduma ambayo sijaona mtu akiiandikia, nami naona inastahili. Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba, kuna duka la steshenari la kawaida tu: madaftari, bahasha, kalamu, mashine ya fotokopi karibu na mlango. Kwenye kibaraza cha duka hilo, ikishapita swala ya Alasiri, hukaa mwalimu mstaafu wa Kiingereza akiwa na meza, viti vichache vya plastiki na kaunta buku nene. Unakwenda na swali lako la Kiingereza, analijibu. Swali moja ni shilingi 500. Barua ikisomwa yote na kurekebishwa nawe umekaa pembeni, ni shilingi 2,000 kwa ukurasa. Swali ambalo limeshajibiwa kwenye daftari halilipiwi: unaonyeshwa lilipo, unasoma mwenyewe, ukielewa unaondoka na pesa yako mfukoni.

Mimi ni karani wa hati katika ofisi ya wakala wa forodha. Siku nzima naandikiana na kampuni za meli na wenye mizigo, karibu yote kwa Kiingereza, na sentensi moja iliyokaa vibaya inaweza kulaza kontena bandarini huku gharama za hifadhi zikipanda. Kwa hiyo huduma hii naipima kama mtu ambaye Kiingereza ndicho kinachomlipa mshahara. Anayetaka kuanzishiwa salamu, au anayetaka kukaririshwa majibu ya mtihani wa kidato cha nne, atafute masomo ya tyusheni. Yapo mengi mjini, na hapa si mahali pake.

Anachokifanya Mwalimu, na ambacho kwingine sijakikuta, ni kwamba kabla ya kujibu anakuuliza ulitaka kusema nini kwa Kiswahili. Uiseme sentensi yako kama ungemwambia jirani. Kisha anaandika mistari miwili, Kiswahili juu na Kiingereza chini, na hapo unaona ni neno lipi lililokuvuta. Makosa yetu mengi yanatoka kwenye Kiswahili safi kabisa, kilichopangwa vizuri kwa taratibu zake, ambazo Kiingereza hakizifuati. Mtu akikwambia tu "hapa umekosea", kesho utakosea tena, kwa sababu kile kilichokuongoza bado kimo kichwani.

Chukua kiambishi -me-. Kurasa zake ndizo zilizochakaa kuliko zote kwenye kaunta buku. Shuleni tuliambiwa -me- ni "have", tukaishia hapo: "amefika" ni "he has arrived". Ni kweli. Lakini "amechoka" ni "he is tired". "Amelala" ni "he is asleep". "Amevaa koti" ni "he is wearing a coat", na "amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door". Katika vitenzi vya namna hii -me- inataja hali aliyonayo mtu sasa hivi, na Kiingereza kinaieleza hali hiyo kwa "is". Halafu kuna njia ya tatu. Kila siku tunasema "nimezaliwa Tanga mwaka 1988", wala hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have been born in 1988". Ukishataja mwaka, siku au saa iliyokwisha kupita, "have" inaondoka: "I was born in 1988".

Jioni moja nilimkuta mama anayesafirisha mdalasini na iliki kutoka Muheza, ana barua ya mnunuzi wake wa nje. Alikuwa ameandika "We have sent the samples on Monday". Mwalimu akamwambia, "Bibie, ama utaje Jumatatu, ama uweke 'have'. Viwili hivi havikai pamoja." Mama akauliza akichagua kimoja anapoteza nini. Nilipenda alivyojibiwa. "We have sent the samples" inamwambia mnunuzi kwamba jambo limeshafanyika na matokeo yake yapo sasa: sampuli ziko njiani, azisubiri. "We sent the samples on Monday" inampa tarehe ya kuanzia kuhesabu. Mama alikuwa anataka mnunuzi ahesabu siku, ili zikichelewa amuulize msafirishaji badala ya kumlaumu yeye. Akachagua ya pili. Aliyekuja na swali la sarufi aliondoka amefanya uamuzi wa biashara.

Swali langu mwenyewe la -me- lilikuwa gumu zaidi. Kwa Kiswahili tunaandika "mzigo umeharibika", basi. Kwa Kiingereza lazima uchague. Mwalimu aliniuliza, "Mwanangu, unajua umeharibikia wapi?" Kama nimefungua kontena nikakuta mifuko imelowa na sijui zaidi ya hapo, niandike "the cargo is damaged": naripoti hali niliyoikuta, simtuhumu mtu. Nikiandika "the cargo was damaged during discharge", nimeshasema uharibifu ulitokea wakati wa kupakua, na aliyepakua ana haki ya kuniuliza ushahidi. "Has been damaged" iko katikati: kuna jambo limeupata mzigo, sijataja lini wala wapi. Anayejua madai ya bima yanavyosomwa neno kwa neno ataona kwa nini naliona jibu hilo kubwa kuliko shilingi 500. Nilikuwa nimesoma vitabu kadhaa vya sarufi kabla ya siku hiyo, na hakuna kilichoniwekea tofauti hiyo mezani namna ile.

La pili kwa umuhimu, kwa sisi wa ofisini, ni "by" na "until". Kiswahili kina "hadi" na "mpaka", na vinatutosha. "Lete hati hadi Ijumaa" kila mtu anaelewa kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Ukiandika "send the documents until Friday", Mwingereza anasikia kwamba uendelee kutuma, na kutuma, mpaka Ijumaa ndipo uache. Kinachotakiwa ni "by Friday". "Until" ni ya jambo linaloendelea bila kukatika hadi wakati fulani: "the office is open until Friday". Kipimo cha Mwalimu ni chepesi: kama kitenzi chako ni cha tendo la mara moja, kutuma, kulipa, kufika, tumia "by", kama ni cha kuendelea, kukaa, kusubiri, kufanya kazi, tumia "until". Kimebandikwa mezani kwetu ofisini.

Halafu kuna "yes" na "no". Nilimkuta kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lile la kilomita 1,443, lilipopangiwa kuishia Chongoleani, hapa Tanga, vijana wenye maswali ya usaili hawapungui pale. Mazungumzo yao nayakumbuka vizuri.

"Shikamoo Mwalimu. Wakiniuliza 'Don't you have a driving licence?', na mimi sina, nijibu 'yes' au 'no'?"

"Marahaba. Kwa Kiswahili wakikuuliza 'huna leseni?' utajibuje?"

"Ndiyo, sina."

"Basi hiyo 'ndiyo' yako inamkubalia aliyeuliza: umesema kweli, sina. 'Yes' ya Kiingereza haimwangalii aliyeuliza. Inaangalia kitenzi kinachofuata. Unayo, 'yes, I do'. Huna, 'no, I don't'. Swali likanushwe lisikanushwe, jibu ni lile lile."

Kijana akajaribu, akateleza, akajaribu tena. Mwalimu akatuomba tuliokuwa tumekaa tumuulize maswali ya kukanusha kwa zamu, mpaka ulimi ukakubali. Kisha akampa ushauri ambao nami nimeuchukua: katika kazi usiache "yes" au "no" peke yake. Ongeza kitenzi chake. Hata ukikosea neno la kwanza, "I don't have one" itakuokoa. Katika barua pepe ni muhimu zaidi, kwa kuwa hakuna uso wa kusomwa. Kampuni ya meli ikiuliza "Haven't you received the originals?" na wewe ukajibu "Yes", wao wameelewa unazo, na hati zako hazitafuatiliwa na mtu.

Mengine aliyonijibu nayataja kwa haraka. "Information", "equipment", "luggage", "advice" na "furniture" hazichukui "s", hata kama kwa Kiswahili ni taarifa nyingi na vifaa vingi; ukitaka kuhesabu sema "two pieces of equipment". "Cargo" inaruhusu wingi. "Request" ikiwa kitenzi haitaki "for": ni "we request a copy", ila "a request for a copy", na huko kwenye nomino ndiko "for" yetu inakotoka. "Discuss" haitaki "about". "A" na "an" hufuata sauti, kwa hiyo ni "an hour" lakini "a university", na bei ya FOB (ya mzigo ukishapakiwa melini) ukiitamka herufi kwa herufi ni "an FOB price", kwa kuwa F inaanza na sauti ya irabu, wakati CIF (bei pamoja na bima na nauli ya meli) ni "a CIF price". Barua iliyoanza "Dear Sir" humalizwa "Yours faithfully". Iliyoanza kwa jina la mtu humalizwa "Yours sincerely". Hiyo ni desturi ya Uingereza, ambayo ndiyo tuliyoirithi.

Adabu inataka maneno zaidi kidogo, maana hapo watu wetu wanaonewa. Mswahili anayeandika "naomba unitumie" ni mtu mwenye heshima. "Naomba" imebeba unyenyekevu, na ile -e ya mwisho wa "unitumie" imelainisha amri. Akilazimika kuandika Kiingereza, mmoja ataandika "I want you to send me", aonekane jeuri; mwingine "I beg you to send me", aonekane ana shida kubwa. Wote wawili walikuwa wanasema "naomba". Kiingereza kinaweka heshima hiyo kwenye "could" na umbo la swali: "Could you please send me the arrival notice?" Mwalimu analisisitiza hili hata kwa wasiouliza, na anafanya vema. Nimeona barua nyingi za watu waungwana zikijibiwa kwa ukali kwa sababu hii tu.

Sasa kalamu zake, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niwe mteja wa kudumu. Mwalimu anasahihisha kwa rangi tatu. Biki nyekundu ni kosa: popote utakapoandika hivyo ni kosa. Biki ya bluu ni neno lililo sahihi lakini halifai mahali hapa, kama kutumia "don't" katika barua rasmi. Penseli ni ladha yake yeye, na una ruhusa ya kuikataa. Hajawahi kunichanganyia. Wasahihishaji wengi niliowahi kufanya kazi nao hutumia nyekundu kwa kila wasichokipenda, ukaishia kuogopa Kiingereza chote kwa sababu ya mapendeleo ya mtu mmoja.

Mfano ni ile amri ya kutomaliza sentensi kwa kihusishi. Mwanafunzi mmoja alikuja analia na "the port we sail from", mwalimu wake amempigia mstari mwekundu. Mzee wetu akaitia penseli. Alieleza kwamba mwaka 1672 mshairi John Dryden ndiye aliyewalaumu waandishi waliomtangulia, Ben Jonson akiwemo, kwa mtindo huo. Miaka tisini baadaye, mwaka 1762, askofu Robert Lowth katika kitabu chake cha sarufi akasema mtindo wenyewe ni wa kawaida katika mazungumzo, ila maandishi mazito yanapendeza zaidi bila huo. Tangu wakati huo watu wameugeuza ushauri kuwa sheria. "The port from which we sail" ni nzuri kwenye mkataba. "The port we sail from" ni Kiingereza halali. Mwanafunzi aliandika yote mawili kwenye daftari lake, na chini yake akaambiwa aandike kwamba kwenye mtihani atumie lile linalomridhisha msahihishaji.

Watu wawili wakija na vitabu viwili vinavyopingana, huwaambia kwamba sisi tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1967, lakini Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Hakuna ofisi London inayotoa tamko. Kamusi zao zinaandika jinsi watu wanavyotumia lugha, na matumizi yakibadilika nazo hubadilika. Ndiyo maana "colour" na "color" zote ni sahihi: Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, alishika tahajia fupi zilizoenea Marekani, na Uingereza ikabaki na zake. Anachodai Mwalimu ni uchague upande na ubaki huko barua nzima. Kuchanganya "colour" na "center" katika ukurasa mmoja anatia bluu.

Lililonisaidia zaidi katika mafungu haya ya ladha ni "they" ya mtu mmoja. Kiswahili hakinisumbui, "yeye" ni yeye, na "amesaini" haijali mwanamume wala mwanamke. Napokea barua pepe zilizosainiwa kwa majina ya kigeni ambayo siwezi kujua ni ya bwana au ya bibi, na "he or she" ikirudiwa mara nne katika aya inachosha. Mwalimu aliniambia niandike "they", akanieleza kwamba Waingereza wameitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, kwa hiyo nisimsikilize anayesema ni uzushi wa jana. "When the consignee arrives, they must bring the original" (consignee ni mpokeaji wa mzigo). Akaitia penseli hata hivyo, kwa kuwa wapo wakubwa wa ofisi wasioipenda, na mimi ndiye ninayewajua wa kwangu.

Kasoro zipo. Ile kaunta buku haina faharasa. Maswali yamepangwa kwa tarehe yalivyoulizwa, kwa hiyo kutafuta "since" na "for" ni kufunua kurasa mpaka Mwalimu mwenyewe akumbuke lilikuwa karibu na msimu gani. Kijana wa duka angeweza kulipanga kwa herufi kwenye kompyuta iliyopo hapo hapo ndani, na mteja angelipia nakala kwa furaha. Mimi ningekuwa wa kwanza. Kelele pia ni tatizo: fotokopi ikianza na bodaboda zikipita, msikilizaji wa kiti cha mwisho hapati kitu. Matamshi hafundishi kabisa, na ukimuuliza anakwambia usikilize redio. Jibu hilo halinitoshi, maana vijana wa usaili wanahitaji kusikika kama wanavyohitaji kuandika.

Halafu hakuandikii barua. Uje na ya kwako, hata iwe mbovu kiasi gani, ndipo aishike. Wanaonung'unika ni wengi. Kwa mtu wa ofisi, au mwanafunzi, namuunga mkono Mwalimu moja kwa moja. Lakini nilimwona bibi mmoja aliyehitaji barua moja tu ya kumwandikia hospitali ya nje kuhusu mjukuu wake, na bibi yule hatahitaji Kiingereza tena baada ya hapo. Kwa mtu kama huyo msimamo ule ni mkali mno, nami nilimwambia hivyo Mwalimu kwa heshima zote. Alinyamaza kidogo, akasema atafikiria. Barua ya bibi niliiandika mimi, akaisoma yeye, hakutoza.

Kuna wanaouliza kwa nini ulipe wakati simu inatafsiri bure. Natumia programu hizo na zinanisaidia nikiwa na haraka. Ila ukiiandikia "mzigo umeharibika", itakuchagulia sentensi moja na haitakuuliza kama unajua umeharibikia wapi.

Ukienda, chukua daladala hadi Ngamiani, uliza steshenari yenye mwalimu wa Kiingereza, wauza kahawa wa jirani watakuelekeza. Fika mapema baada ya Alasiri, kwa sababu Maghrib ikiingia anafunga daftari, na foleni ikiwa ndefu utarudi kesho. Mwezi wa Ramadhani huhamia baada ya tarawehe. Andika sentensi yako nzima kwenye karatasi, na ile ya kabla yake na ya baada yake, kwa sababu ukimpelekea neno moja lililosimama peke yake atakurudisha ukalete wenzake. Na uwe na sarafu au noti ndogo; chenji pale hakuna.